Wapenzi wa Kwaya Mbili

"Kaka, toa mkono. Hilo pazia nimeliona mimi."

"Macho hayanunui, dada. Mkono ndio unaonunua, na wangu ndio huu hapa."

Jumamosi hiyo soko la Limbe lilikuwa limefurika. Joto la Oktoba lilikuwa limeanza kuchoma. Wauza mitumba walikuwa wamepanda juu ya meza zao, wanapiga makofi na kuimba bei, na kwenye rundo moja, kati ya mashuka na makoti ya Wazungu waliokufa, watu wawili walikuwa wameshikilia ncha mbili za pazia moja la mahameli ya zambarau.

Ncha moja aliishika Tiyanjane Makwinja, mwalimu wa darasa la nne, miaka ishirini na saba. Alikuwa mrefu, ngozi nyeusi ya kung'aa, gauni jeupe, kitenge cha njano kiunoni, nywele kasuka mistari myembamba iliyokimbilia kisogoni kama mito inayoenda ziwani. Ya pili aliishika Wongani Msiska, fundi wa spika na vinanda, shati la bluu lililokunjwa mikono, bisibisi imechungulia mfukoni, na tabasamu la mtu asiye na haraka.

"Unalitakia nini?" aliuliza Tiyanjane.

"Kufunikia spika zangu. Vumbi la mji huu litaziua. Na wewe?"

"Vitambaa vya mabegani vya kwaya. Tuko ishirini na wanne."

Wongani akafikiri. "Watu ishirini na wanne kwa spika mbili. Hapo hata Mungu yuko upande wako." Akaiachia ncha yake. "Haya, nimekuachia pazia. Na wewe niachie kitu."

"Nini tena?"

"Namba ya simu."

"Wewe ni mtu wa kaskazini, eti? Hiyo lafudhi..."

"Mzimba."

"Nilijua! Watu wa kwenu hawaachii kitu bure."

"Mpe namba, dada, mpe!" alifoka muuzaji kutoka juu ya meza. "Mnanizuilia wateja kwa mapenzi yenu!"

Tiyanjane akacheka mpaka akainamia rundo la nguo, na katika kucheka huko namba ikatoka.

Jioni ileile simu ikalia.

"Mwizi wa pazia, salama?"

"Salama, mwenye spika zenye vumbi. Umekula?"

"Nimekula maharage, nikawa nakufikiria, yakaungua."

"Basi hukula."

"Nimekula makaa. Kesho nipikie wewe."

"Jamani! Pazia tu, tayari unataka kupikiwa?"

Ikawa kila siku. Wongani alimpigia mapumziko ya saa nne, Tiyanjane akiwa amezungukwa na watoto shuleni, akampigia saa kumi na moja akirudi nyumbani. Walikutana wakala chipsi za kando ya barabara, kabichi na nyanya juu, wakigombania kipande cha mwisho. Siku ya saba Wongani alimwambia, "Tiya wangu, Jumapili kuna kanisa wamenialika nikapige kinanda. Wakinipenda, nahamia kabisa." Kabla Tiyanjane hajauliza ni kanisa gani, salio likakatika.

Jumapili Tiyanjane aliliona jibu kwa macho yake.

Hapo inanibidi niseme habari za kanisa letu, lile la matofali mekundu kilimani nyuma ya soko, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini Tiyanjane alikaribia kudondosha kitabu cha nyimbo.

Tulikuwa na kwaya ya wakubwa. Haikuwa na chombo chochote, ni sauti nne na miguu tu, na kwa miaka thelathini na moja iliongozwa na Mzee Makwinja, baba yake Tiyanjane, mtu mwembamba, suti ya kahawia, mgongo ulionyooka kama mlingoti. Halafu mwaka ule vijana wakaanzisha kikundi cha sifa, chenye kinanda na spika mbili kubwa kama makabati. Swali likawa nani aimbe kabla ya mahubiri. Neno dogo. Lakini dogo hilo lilituingia kama kibanzi kwenye kidole: kila ukigusa, linauma. Wazee wa kanisa walikaa vikao vitatu. Kila kikao kilizaa wiki mbili za amani na wiki nne za manung'uniko. Mzee Makwinja aliwaita vijana "wapiga mabati." Vijana nao waliiita kwaya yake "matanga."

Na Jumapili hiyo, nyuma ya kinanda cha wapiga mabati, katika shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, alikuwa ameketi Wongani.

Baada ya ibada walikutana nyuma ya tangi la maji.

"Wewe!" alisema Tiyanjane.

"Wewe!" alisema Wongani. "Hiyo kwaya ya watu ishirini na wanne... ndiyo matanga?"

"Ita tena hivyo uone. Kiongozi wake ni baba yangu mzazi."

Wongani akashika kichwa. "Ee Bwana. Nimejitia mtegoni mwenyewe."

"Sasa tufanye nini?"

"Tupendane taratibu, kwa sauti ya chini," alisema, akamfuta jasho kwenye paji la uso kwa kidole kimoja. "Mpaka wazee wapatane."

Walipendana hivyo miezi miwili, kwa sauti ya chini. Ila nawaambieni, hakuna aliyekuwa hajui, isipokuwa Mzee Makwinja.

Wazee hawakupatana. Jumapili moja ya Desemba, mvua inapiga mabati, makundi yote mawili yalisimama kwa wakati mmoja. Kwaya ikaanza wimbo wake, vijana wakaanza wao. Hakuna aliyekubali kuketi. Tuliimba wimbo wa msalaba na wimbo wa shangwe kwa pamoja, beti tatu nzima, watoto wameziba masikio, na mgeni mmoja aliyekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza alichukua mwavuli wake akaondoka.

Alhamisi iliyofuata vijana walifungua stoo ili wafanye mazoezi. Waya mkuu wa spika ulikuwa umekatwa, nusu haipo.

Wakapandisha mori. Wongani aliyekuwa ameinama akikagua kitasa alisema maneno matano tu: "Mlango haukuvunjwa. Umefunguliwa kwa ufunguo." Basi. Lakini zaidi ya vijana, aliyejulikana kuwa na ufunguo ni Mzee Makwinja, na maneno hayo yalipotoka hapo na kuingia kwenye simu za watu, yalianza kuota mbawa. Yalipofika sokoni yalikuwa "mwenye ufunguo ndiye mkataji." Yalipofika kwa wauza samaki yalikuwa "Wongani kasema Mzee Makwinja ni mwizi." Kabla jua halijazama yalikuwa yamefika jikoni kwa Tiyanjane.

Akapiga simu, mkono una unga.

"Umemwita baba yangu mwizi?"

"Nani kakwambia?"

"Jibu swali, Wongani."

"Nami nauliza, nani kakwambia?"

"Kanisa zima limeniambia!"

"Basi kama kanisa zima limekwambia, mimi niseme nini tena?"

"Sema hukusema! Neno moja tu!"

Neno lilikuwa pale pale ulimini. Lakini Wongani alikuwa na kiburi cha watu wapole, na kiburi hicho hakina dawa. "Miezi miwili unanijua, Tiya. Kama bado unataka nikuapie, basi hatujuani."

"Haya. Hatujuani."

Akakata. Akarudi kukoroga nsima, ugali wa huku kwetu, akaikoroga kwa hasira mpaka mama yake akamwambia, "Mwanangu, imeshaiva. Sasa unaiua."

Zikapita wiki tatu bila simu. Mapumziko ya saa nne Tiyanjane alikaa darasani akisahihisha madaftari yaliyokwisha sahihishwa. Wongani alifungua amplifaya moja mara tano na kuifunga mara tano, bila ugonjwa wowote. Na kanisani mambo yalichacha. Nusu ya kwaya iliacha kuja. Vijana wengine walisema watajitenga, wakaabudu kwenye ukumbi wa shule. Siku ya meza ya Bwana watu walikaa kwa makundi, huku na huku, katikati pengo la kupitisha toroli.

Hapo ndipo mchungaji wetu, Fyness Kadewere, aliposimama. Alikuwa na mwaka mmoja tu kwetu, mwanamke mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa viti, aliyependa kutembelea waumini akiwa amevaa buti za mpira. Siku hiyo hakucheka.

"Nimehesabu vikao," alisema. "Vimefika sita. Na katika vikao sita, kila mtu alisema habari za mtu ambaye hayupo. Sasa basi, vikao vimekwisha. Nimeandika majina hapa. Kila mwenye neno na mwenzake atakwenda kwake, atakula chakula chake, na akishashiba ndipo ataliuliza neno lake, ana kwa ana. Asiyekula haruhusiwi kuuliza. Na aliyekaribisha haruhusiwi kupika vibaya makusudi." Watu wakaanza kucheka, akawanyamazisha kwa kiganja. Akasoma majina. La nne lilikuwa: "Wongani Msiska. Kwa Mzee Makwinja."

Vichwa vyote vikamgeukia Mzee.

Jumamosi saa sita mchana Wongani alibisha hodi, suruali nyeusi, shati la bluu lile la sokoni, mkononi papai moja kubwa. Tiyanjane ndiye aliyefungua. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani na kitambaa kichwani, macho yamevimba kidogo, akidai ni vitunguu.

"Karibu," alisema, akitazama papai.

"Ahsante," alisema Wongani, akitazama papai pia.

Walikula nsima, dagaa wa usipa wa kukaanga, na majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga. Mama Makwinja aliwatazama Mzee na Wongani kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Tiyanjane alijisogeza jikoni, lakini mlango aliuacha wazi.

Wongani alinawa mikono. "Baba," alisema kwa upole, "nimeshiba. Naomba kuuliza."

Mzee aliendelea kutazama dirishani.

"Baba. Naomba kuuliza."

Mzee akageuka, akainamisha kichwa upande, sikio la kulia mbele. "Unasemaje?"

Wongani alikuwa na swali tayari, amelala nalo wiki tatu. Akauliza. "Wewe ndiye uliyekata waya wangu?"

"Sikukata."

"Nimesadiki."

Mzee akashangaa. "Hivyo tu? Si wewe uliyesema mimi ni mwizi?"

"Sikusema hivyo, baba. Nilisema mlango haukuvunjwa, umefunguliwa kwa ufunguo. Hayo tu. Mengine yaliongezwa njiani. Lakini niliyasikia yakiongezwa, na sikuja kwako kuyakanusha. Hapo nilikukosea."

Jikoni sahani ilianguka.

"Zaidi ya mimi kuna mwingine mwenye ufunguo," Mzee alisema polepole. "Bibi Nasibeko. Masufuria ya akina mama yako stoo humohumo."

"Sasa mbona hukusema, baba?"

"Hakuna aliyeniuliza! Wote walikuja kunihukumu. Wa kuuliza ni wewe wa kwanza."

Wongani akatikisa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemtuma. "Baba, hilo sikio la kushoto limeacha kusikia tangu lini?"

Mzee alikaa wima, mikono juu ya magoti.

"Miaka mitatu," alisema mwishowe.

"Miaka mitatu!" Mama Makwinja akapiga paja. "Na mimi miaka mitatu najua unajifanya hunisikii! Nimekununia bure, mume wangu?"

"Mara nyingine nilijifanya," alikiri Mzee. Kisha sauti yake ikashuka. "Kijana, mimi sichukii kinanda chako. Mkiwasha yale masanduku yenu, siisikii kwaya yangu. Naona midomo inafunguka, basi. Sasa nikiacha kuisikia, nitasimama pale mbele nifanye nini? Si bora nikae nyumbani nife?"

Tiyanjane alikuwa ameshatoka jikoni. Alisimama nyuma ya kiti cha baba yake, akaweka mikono mabegani pake, machozi yanashuka na safari hii hakutaja vitunguu.

"Simama, baba," alisema Wongani. "Twende kwa Bibi Nasibeko, sote. Halafu hilo la sikio niachie mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Walikwenda kwa miguu. Bibi Nasibeko, mwenyekiti wa akina mama, miaka sabini na mitano, alikuwa uani kwake akipepeta mahindi. Aliposikia neno "waya" ungo ukamponyoka.

"Mweusi? Mrefu hivi? Jamani... ule ulikuwa waya?" Akafunika uso kwa kitenge. "Mimi nilijua ni kamba! Siku ya mkutano wetu kuni zilikuwa zinatawanyika, nikachukua kisu cha kuku nikakata, nikafungia. Nzuri kweli, haikatiki! Halafu nikasikia watu wanagombana, nikasema nitasema kesho. Kesho ikawa kubwa. Kila siku ikawa kubwa zaidi, mpaka nikaogopa hata kuja kanisani."

Walitazama pembeni ya jiko. Mzigo wa kuni ulikuwepo, umefungwa kwa waya wa spika, fundo zuri la kipepeo.

Mzee Makwinja alianza yeye. Kicheko chake kilikuwa kikavu, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu, kisha kikalainika, kikamshika Mama Makwinja, kikamshika Wongani, na Bibi Nasibeko akachungulia kutoka kwenye kitenge akiuliza, "Mmenisamehe au mmechizika?"

Njiani kurudi wazee walitangulia. Tiyanjane alipunguza mwendo. Wongani naye akapunguza.

"Nilipaswa kukuuliza," alisema Tiyanjane, "siyo kukuhukumu. Nilipiga simu nimeshakata shauri."

"Na mimi nilipaswa kujibu. Neno moja uliniomba. Nikakunyima kama mchoyo."

"Tena mchoyo kweli. Wiki tatu! Nimekonda."

Wongani akamwangalia juu mpaka chini. "Wapi?"

"Wongani!"

"Nauliza tu! Mchungaji kasema tuulize ana kwa ana."

Tiyanjane akampiga begani kwa kiganja, na kiganja hicho hakikurudi. Kilibaki palepale begani mpaka walipofika kona ya duka, ambapo Mzee Makwinja aligeuka ghafla. Akawatazama. Akatazama mkono. "Aha," alisema. "Sikio halisikii, lakini macho ninayo." Akaendelea na safari yake.

Alhamisi alasiri makundi mawili yalifanya mazoezi pamoja kwa mara ya kwanza. Wongani alikuwa ameunganisha waya mpya na kuzigeuza spika kubwa zitazame milangoni. Miguuni pa Mzee, upande wa kulia, aliweka spika ndogo kama tofali, inayotoa sauti za kwaya peke yake.

"Jaribu, baba."

Mzee akainua mkono. Kwaya ikaingia, kinanda kikaifuata chini chini kama mtoto anayemshika mama yake upindo. Ubeti wa kwanza Mzee alifumba macho. Ubeti wa pili akainamisha sikio la kulia kuelekea ile spika ndogo. Katikati ya ubeti wa tatu akafumbua macho kwa ukali na kupiga meza.

"Simameni! Nani huyo sauti ya pili anayeshuka chini ya wenzake?"

Ishirini na tatu wakamtazama mmoja.

"Tiyanjane?" Mzee hakuamini. "Mwanangu wa kumzaa? Tangu lini unaimba hivyo?"

"Tangu... tangu zamani kidogo, baba," alisema Tiyanjane, akitamani sakafu ipasuke.

"Miaka mitatu," wakasema wanakwaya kwa pamoja. "Tuliogopa kukwambia."

Mchungaji Fyness aliyekuwa mlangoni na buti zake alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ngazi. Vijana walicheka, wazee walicheka, na Mzee Makwinja akatoa leso, akawa hajui anafuta jasho au machozi. "Nawasikia," alisema. "Mabaya na mazuri yote. Nawasikia. Rudieni."

Msije mkadhani tuliacha kugombana. Kanisa ni watu. Mwezi uliofuata tuligombania rangi ya madirisha, na sasa kuna ugomvi mpya wa saa ya ibada. Lakini mtu akianza kumsema asiyekuwepo, mwenzake humwambia, "Nenda ukale kwake." Unga unakwisha haraka katika nyumba zetu, akina mama wanalalamika, lakini pengo la toroli limezibika.

Jumapili ya Pasaka, ibada imekwisha, Tiyanjane alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa, gauni la rangi ya maziwa, kitambaa cha zambarau begani. Wongani alikuja akikunja waya mkononi, akaukunja, akaukunja, mpaka ukaisha na hakuwa na kitu kingine cha kukunja.

"Tiya."

"Abee."

"Mimi kwetu tungepeleka ng'ombe kwa baba yako. Nyinyi huku hamtaki ng'ombe, mnataka wajomba na kuku. Nimeuliza kila mtu, kila mtu kanijibu lake. Sasa nakuuliza wewe, ana kwa ana. Unanitaka niwe mume wako?"

Tiyanjane alitazama mji chini, mabati yanameta, kisha akamtazama yeye.

"Nenda kwa mjomba wangu," alisema. "Upande wako ulete jogoo, upande wetu tunatoa mtetea. Mjomba akikubali kumtoa mtetea, ndiyo imekuwa. Lakini uende kwa miguu yako kwanza. Usinipigie simu, wala usitume mtu."

"Na jibu lako?"

"Jibu nitampa yeye."

"Lini?"

"Mbona una haraka, mtu wa Mzimba?"

Wongani hakulala vizuri. Jumatatu ya Pasaka, saa tatu asubuhi, alipanda kilima cha Ndirande, anakokaa mjomba, amevaa koti, jasho linamtiririka, akijikumbusha salamu zote za watu wa kusini asije akakosea hata moja. Alipokata kona ya mwisho alikuta mlango wa mjomba uko wazi. Mjomba mwenyewe alikuwa amesimama kizingitini, amevaa viatu vya Jumapili, mtetea mweupe kwapani, anacheka.